Mwendo wa Jani la Mgomba

Risasi ya kwanza ilipasua shina la mgomba. Maji yake yakamrukia Eliufoo usoni.

Ya pili ilikuja chini zaidi.

Alijitupa ndani ya mfereji, maji baridi ya mlima yakamlowesha hadi kifuani. Alipachika magazini mpya kwenye bastola yake ya Glock, akatazama saa. Saa tatu na dakika ishirini asubuhi.

Hatua themanini mbele yake, katikati ya kihamba hicho, shamba la ukoo la migomba na kahawa huko Uru, lilikuwa banda la kumenyea kahawa. Ndani yake alikuwamo Foram, mhandisi wa video kutoka Majengo, mjini Moshi, siku ya tatu mikononi mwa Vasko, mgeni aliyevusha silaha mpakani. Saa nne kamili Foram angekamilisha na kukabidhi programu ya kubana video aliyoibuni. Baada ya hapo, hawangemhitaji tena.

"Wananiona," Eliufoo alinong'ona redioni. "Nikiinua kichwa tu, wanajua."

Aliyejibu hakuwa mkuu wake wa kazi. Alikuwa Suresh, fundi wa televisheni, baba yake Foram, aliyeketi na maofisa mjini Moshi.

"Kamera yao iko juu ya paa, bwana. Inatumia programu ya binti yangu."

"Basi nifundishe kuidanganya."

"Video waliyonitumia jana, uliitazama? Kuku analia miguuni mwa Foram."

"Mzee Suresh, napigwa risasi, wewe unaniletea habari za kuku?"

"Kuku namsikia, simwoni! Sikiliza, kijana. Picha inakatwa vipande vidogo. Kila kipande hutumwa na maelekezo yake: kimesogea wapi, kimesogea kiasi gani. Maelekezo hayo ndiyo yanayojaza mawasiliano. Foram ameyapunguza. Kipande kisichopewa maelekezo kinafuata mwendo wa jirani yake. Jirani ni jani la mgomba? Basi na wewe ni jani la mgomba."

"Na Vasko?"

"Vasko ana kisambazaji kidogo cha mawimbi na haraka kubwa. Ameibana picha mno. Tofauti ndogo zote zinatupwa."

"Kama kuku."

"Kama kuku. Upepo ukivuma, nenda na majani. Ukitulia, usipumue hata kidogo."

Redio ilikoroma kidogo.

"Sina mtoto mwingine, bwana Eliufoo."

Eliufoo alivuta majani makavu ya migomba, akajifunika kuanzia kichwani hadi magotini, akajifunga kwa kamba za migomba hiyohiyo.

Akangoja.

Upepo ulishuka kutoka msituni. Migomba ikainama. Eliufoo naye akainama, akatoka mferejini, hatua tatu, polepole, akiyumba kushoto pamoja na majani.

Upepo ukakata.

Alibaki na mguu mmoja hewani. Siafu walimpanda shingoni. Waling'ata. Hakusogea.

Upepo tena. Hatua tano.

Ndani ya banda, Vasko alikodolea macho kioo cha kompyuta. "Amefia mferejini yule," alisema.

Foram alitazama kioo hicho hicho. Kwenye ukingo wa picha aliona ukungu mdogo ukiyumba na majani, na kila upepo ulipovuma ukikaribia. Aliujua ukungu wa namna hiyo. Miaka mitatu alikuwa akipambana nao.

Akainamisha macho. Akaendelea kuchapa.

Hatua ya sabini na nane. Mlinzi mwenye Kalashnikov alisimama kwenye kona ya banda, amempa mgongo, kifaa cha mawasiliano sikioni.

"Mnaona kitu huko?" aliuliza.

"Majani tu," Vasko alimjibu.

Lilikuwa neno la mwisho mlinzi yule kulisikia. Kisu kiliingia chini ya taya. Eliufoo alimlaza chini taratibu, akavua majani, akapiga mlango teke.

Vasko alikuwa mwepesi. Risasi yake ilichana bega la Eliufoo na kuiangusha Glock. Wakavaana. Ngumi ilivunja pua. Kiwiko kilivunja mbavu. Vasko alimbana koo na kumkandamiza kwenye mashine ya kumenya kahawa, mkono wake mmoja ukishikilia mdomo wa mashine.

"Mlikuja wangapi?" alifoka. "Sema!"

Foram aliruka kutoka kitini, akabonyeza swichi.

Mashine ikaunguruma. Vidole vya Vasko vilikuwa ndani.

Mayowe yake yalisikika hadi barabarani. Eliufoo aliiokota bastola.

Mbili. Kifuani.

Vasko alidondoka ndani ya tangi la kahawa iliyochacha. Hakuibuka.

Nje, kijana mmoja alikuwa amepiga magoti, bunduki ameitupa mbali. Alikuwa Jesse, mwenyeji wa hapo Uru, dereva aliyemteka Foram. Mikono miwili ilishika jani la sale alilolivunja kwenye ua, jani ambalo Mchagga akikuletea, anakuomba msamaha.

"Kaka, nimekosa. Lipokee."

"Si mimi uliyenikosea," Eliufoo alisema. "Mpe yeye."

Foram, mzaliwa wa Majengo, hakuhitaji kuelezwa. Michubuko ya kamba ilikuwa bado mibichi mikononi mwake.

Akalichukua.

"Nimelipokea," alisema. "Sasa lala kifudifudi, akufunge."

Eliufoo alimfunga Jesse kwa kamba ya mgomba. Redio ilikuwa ikiita: "Bwana Eliufoo! Bwana, nijibu!"

Alimkabidhi Foram redio hiyo.

"Papa, ni mimi."

Kilichorudi ni kilio cha mzee tu.

Magari ya maofisa yalipoanza kusikika barabarani, Eliufoo alifuta kisu chake kwenye suruali, akawasha sigara, akashuka taratibu kuelekea barabarani alikoiacha Hilux yake. Damu ilimtiririka begani. Hakugeuka nyuma.