Mashine Iliyosafisha Bao la Subilaga

Jijini Mbeya, miaka ile ambayo hata ufagio ulikuwa na akili zake, hakuna kilichosifiwa kama kiigizo. Kilikuwa kisanduku cheusi, kipana kama sinia la pilau, na kazi yake ilikuwa kuigiza kompyuta zilizokufa zamani. Unakipa programu ya enzi za bibi yako, nacho kinajifanya mashine ya enzi hizo, mpaka programu inaamka ikidhani bado iko kwao. Kwa hilo kilistahili sifa. Balaa ni mhandisi aliyekiunda, Ambakisye, bwana asiyeweza kuona kitu kizee bila kukitia kasoro. Basi ndani ya kiigizo akapachika akili-unde aliyoiita Msafi, ya kurekebisha makosa ya watu wa kale. Nani alimwomba? Hakuna.

Mteja wa asubuhi hiyo alikuwa Tuntufye, mama wa makamo kutoka Mwanjelwa, ameshika diski kuukuu iliyoviringishwa kwenye kipande cha khanga.

"Ni mchezo wa bao," alisema. "Marehemu mama yangu, Subilaga, aliutunga mwenyewe nilipokuwa mdogo. Alikuwa akifundisha madarasa ya jioni, mimi nabaki nyumbani nacheza na kompyuta mpaka arudi. Sauti yake sina. Nimebaki na hii tu."

Ambakisye hakutoa hata shikamoo. Aliinyanyua diski kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya.

"Imeoza. Ikisomwa mara moja tu, ndiyo basi tena."

"Basi isome vizuri, mwanangu. Na usiguse chochote kilichomo."

"Mama, watu wa zamani waliandika programu kama fundi anayeshona suti kwa kamba ya katani. Takataka tupu."

"Nimesema usiguse."

"Sawa, sawa," akajibu, akamwacha Msafi afanye kazi yake kama kawaida. Mtu mwenye shahada tatu atapokeaje maagizo ya mteja?

Diski ikakwaruza, ikanyamaza, ikafa. Juu ya meza mwanga ukatanda, na mashimo ya bao yakatokea hewani yamejaa kete nyekundu, zimechorwa na mtu ambaye kuchora hakukuwa fani yake. Tuntufye akajishika mdomo.

"Yalaa! Ndizo hizi hizi!"

Akaanza kucheza, kila kete akiisogeza hewani kwa kidole. Tangu utoto wake mchezo huu haujawahi kumfunga, na ndiyo sababu hata alipokua hakumwogopa mtu yeyote kwenye bao. Kete zake zikapungua. Akatabasamu, akangoja. Zamani, hapa ndipo kompyuta ilipokwama kidogo, skrini ikatetemeka kama inakohoa, kisha mambo yakamgeukia yeye. Safari hii haikukohoa. Ilizila kete zake zote, ikaandika: UMEFUNGWA.

"Kuna kitu mmetoa humu," alisema polepole.

"Msafi, mweleze," Ambakisye akaamuru, amekunja mikono.

"Nimeondoa hitilafu moja," ikasema sauti ndani ya kisanduku. "Kila mchezaji alipokaribia kufungwa, kompyuta ilichukua kete mbili kwenye mashimo yake yenyewe, ikazitia kwenye ya mchezaji. Imerekebishwa. Sasa inacheza kwa haki."

"Umesikia?" Ambakisye alifurahi kama aliyefumania mwizi. "Miaka yote hiyo mchezo una kosa, na wewe hukujua!"

Tuntufye aliyageukia yale mashimo ya bao hewani. Machozi yalikuwa yanamtoka, na huku anacheka.

"Mama wee! Kumbe ulikuwa unaniachia."

Ambakisye alimtazama, akaitazama ile diski iliyokufa, na kifua chake kikaanza kushuka. Akili zote zilizojaa chumbani mle, na hakuna hata moja iliyofikiria kumuuliza mwenye mchezo.

"Irudishe ilivyokuwa," Tuntufye alisema.

"Haiwezekani, mama. Msafi hahifadhi makosa. Huyafuta kabisa."

"Mlivyo na akili! Haya, vuta kiti, ukae upande wa mashine. Tunaanza upya. Ukiona nakaribia kufungwa, chukua kete mbili za huko kwako, unitilie huku."

"Lakini mama, huo si wizi?"

"Ni wizi. Kaa hapo uibe."

Mhandisi akakaa. Ilionekana wazi kwamba hajawahi kumwachia mtu ushindi tangu azaliwe. Mara aliwahi mno, mara alichelewa, kisha kwa kiwewe akamtilia kete nne kwa mkupuo.

Tuntufye alihesabu, akamrudishia mbili.

"Hizi nyingi, mwanangu. Mama alitaka nishinde. Hakutaka nijue."