Neno Halipo

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, baba yake Chiriku aliwasha kompyuta. Lilikuwa zee la kompyuta, zito kama sanduku la bati, limekaa juu ya meza ya kulia karibu na dirisha. Ukilibonyeza liliguna, likakohoa, likanyamaza, likaguna tena. Mtu aliweza kupiga mswaki, kunawa uso na kufunga kamba za viatu kabla halijawa tayari. Hatimaye kilifunguka kidirisha cheusi kisicho na picha wala rangi. Baba aliandika humo kwa vidole viwili: *sema shikamoo mama*. Kisha akabonyeza Enta.

"Shikamoo. Mama," sanduku likasema.

"Marahaba, baba," akajibu bibi kutoka kwenye kiti chake. "Umeamka salama?"

"Nimeamka. Salama. Wewe. Je."

"Mimi nipo tu. Mifupa ndiyo inayonisengenya."

Bibi hakuwa na macho. Yalififia kidogo kidogo mpaka yakazimika. Baba naye hakuwa na sauti. Zamani alikuwa mnadi sokoni. Akitangaza kabati upande huu, watu wa upande wa pili waliacha walichokuwa wakifanya wakasikiliza. Kisha akaota uvimbe kooni. Daktari hakumficha: akitaka kuishi, atapasuliwa koo, na sauti itaondoka.

Siku za mwisho kabla ya upasuaji, mjomba wa Chiriku, ambaye alijua mambo ya kompyuta, alimfungia baba chumbani na maikrofoni ndogo. Akamtamkisha maneno, moja baada ya jingine. Mlango. Dawa. Njoo. Kaa. Kesho. Mamia kwa mamia. Kila neno likawa faili lake. Mjomba akaandika programu ya kuyaunganisha, akamfundisha shemeji yake kuitumia, kisha akapata kazi katika mgodi wa mbali ambako simu zilishika kwa kubahatisha.

Kwa hiyo sauti iliyotoka kwenye sanduku ilikuwa ya baba mwenyewe, ila ilikuwa na viraka. Neno moja lilipaa juu, la pili likanong'ona. "Hapana" ilikuwa na honi ya lori ndani yake. "Maji" ilianza na kikohozi. Neno zuri kuliko yote lilikuwa "Chiriku", jina alilompa binti yake kwa sababu alianza kusema kabla hajajua kutembea. Hilo baba alilirekodi huku akicheka.

Mama alitoka alfajiri kwenda kazini, kufua mashuka ya hospitali. Chiriku alikwenda shule. Nyumbani walibaki wawili kutwa nzima, mmoja haoni, mwingine hasemi, na sanduku lile katikati yao.

Tatizo la Chiriku lilikuwa watu wa nje. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na siku moja wanafunzi wenzake wawili walipita dirishani wakaisikia sauti ile. Kesho yake darasani msichana mmoja mrefu, ambaye hakuwa na breki mdomoni, alisema, "Baba yako anaongea kama redio iliyokwisha betri."

Darasa likacheka. Chiriku naye akacheka, ili asionekane ameumia.

Haukupita muda mrefu, mwalimu akawapanga yeye, yule mrefu na msichana mwingine mwenye miwani kuandika kazi ya kundi. Kompyuta ilikuwa kwao Chiriku tu. Wangekuja. Baba angewakaribisha kwa sauti ile ya viraka, na kesho yake shule nzima ingejua.

Mchana wa siku waliyopanga kuja, baba alipokuwa uani akishona magunia, kazi aliyoishika baada ya soko kumshinda, Chiriku alikaa mbele ya kompyuta. Shuleni walikuwa wamefundishwa kubana mafaili mengi yakawa kifurushi kimoja. Akayabana maneno yote ya baba, akakificha kifurushi ndani ya folda yake ya masomo, kisha akayafuta yale yaliyobaki nje. Ni saa moja tu, alijiambia. Wakiondoka nitayarudisha.

Wageni wakaja. Baba akaingia akifuta mikono, akatabasamu, akaketi, akaandika *sema karibuni watoto*. Kidirisha cheusi kikajibu kwa maandishi, bila sauti:

*Neno "karibuni" halipo.*
*Neno "watoto" halipo.*

Baba akaandika tena. Jibu likawa lile lile. Akakitazama kioo, akawatazama wageni, akawapungia mkono kwa aibu na kurudi uani.

"Leo redio imekata kabisa," yule mrefu akanong'ona. Halafu akatoa flashi mfukoni. "Tuandike haraka, nimekuja na gemu la magari. Kubwa hilo, nusura lisiingie humu."

Waliandika kidogo, wakalipakia gemu kwenye kompyuta, wakacheza sana. Walipoondoka, Chiriku alikimbilia kifurushi chake akaamuru kifunguke. Kompyuta ikaguna, ikafikiri, kisha maandishi mekundu yakajaa kwenye kidirisha. Akayafunga bila kuyasoma. Akajaribu tena, mekundu yakarudi. Akafunga tena. Mara ya mwisho alisikia miguu ya baba mlangoni, na kwa kiwewe akachomoa waya ukutani, kompyuta ikiwa bado katikati ya kazi.

Jioni baba aliwasha, akaandika *sema mama*.

*Neno "mama" halipo.*

"Nini kimetokea?" mama akauliza aliporudi. "Chiriku, ulichezea hii kompyuta?"

"Tuliandika kazi ya shule tu. Sikugusa kitu kingine."

Uongo ule ulitoka laini kama sabuni. Baba alimtazama, akatikisa kichwa kumaanisha ameelewa, akaenda kulala bila kula.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kama ina msiba. Baba aliandika anachotaka kusema kwenye ubao mdogo, na Chiriku, akiwepo, alimsomea bibi kwa sauti. Bibi alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Asante, mke mwenzangu. Lakini hiyo ni sauti yako. Yake iko wapi?"

"Kompyuta imeharibika, bibi."

"Ndivyo mnavyoniambia." Bibi alipapasa ukingo wa kiti. "Huwa mtu akichoka kuuguza, anaanza kunyamaza. Nimeyaona hayo."

Baba alikuwa amesimama pale pale. Alipiga magoti, akaushika mkono wa mama yake akauweka shavuni. Bibi alihisi machozi na hakujua ni ya nini, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Kisha siku moja Chiriku alirudi kutoka shule akamkuta bibi amefungwa kitambaa mkononi. Baba alikuwa ameweka jiko la mkaa mahali pasipo pa kawaida, mvua ikinyesha uani. Zamani angeandika tu: *mama, jiko, moto, kaa*. Safari hii alipomwona bibi akinyanyuka, alipiga makofi kumzuia, na bibi akadhani anaitwa. Akaja moja kwa moja mpaka kwenye jiko.

Usiku ule Chiriku alikaa karibu na baba yake. Maneno yalimfika mdomoni, akayarudisha. Kadiri siku zilivyopita, ndivyo kusema kulivyozidi kuwa kugumu.

Jumamosi mama alimleta fundi. Alikuwa mtu mnene, mkavu wa maneno, mwenye bisibisi masikioni mahali wengine wanapoweka kalamu. Aliketi, akaandika amri mbili tatu kwenye kidirisha cheusi, akasoma majibu kwa makini.

"Programu ni nzima," akasema. "Inatafuta maneno kwenye folda yake na folda ni tupu. Nimetafuta diski nzima, hakuna hata faili moja la sauti. Mna nakala mahali?"

"Kaka yangu alikuwa nazo kwenye simu," mama akasema. "Simu yenyewe ilitumbukia majini."

"Basi nani aliigusa kompyuta mwisho?"

Chiriku aliangalia sakafu. "Mimi," akasema. "Lakini niliandika kazi ya shule tu."

"Hukufuta kitu? Hukuhamisha? Hata kwa bahati mbaya?"

"Hapana."

Fundi akashusha pumzi. "Haya. Kompyuta haina mashetani. Kama hakuna aliyeyatoa, basi diski imeoza na imeanza kula mafaili. Kwa uzee huu sishangai. Nitaifuta yote nianze upya, angalau iwafae kwa kuandika. Maneno hayo, mzee, myasahau."

Baba alichukua ubao, akaandika kwa haraka, akauinua: *Hakuna njia nyingine?*

"Mimi natibu kwa ninachoambiwa," fundi akajibu. "Kwa nilichoambiwa, hakuna."

Baba aliukalisha ubao mapajani. Aliliangalia sanduku lile kama mtu anayeangalia kaburi linavyojazwa udongo. Kisha akakubali kwa kichwa.

Fundi akachomeka kifaa chake, akaandika amri. Kidirisha kikauliza: *Kila kitu kitafutika. Endelea? N/H.* Kidole chake kikaenda kwenye herufi ya ndiyo.

"Usibonyeze," Chiriku akasema.

Alisema kwa sauti ndogo, lakini wote walimgeukia, hata bibi.

"Maneno yapo. Niliyafunga mimi. Yako kwenye folda yangu ya masomo."

Mama akafungua mdomo. Fundi akamzuia kwa mkono. "Subiri, mama. Utamgombeza baadaye, mimi nataka maelezo kwanza. Ulifanya nini? Anza mwanzo. Usiruke kitu."

Chiriku akasema yote: aibu, kifurushi, gemu, waya. Machozi yalimtiririka lakini hakuruka kitu. Fundi alikiona kifurushi, akakiamuru kifunguke, na yale maandishi mekundu yakatokea.

"Haya uliyaona?"

"Niliyaona. Nikayafunga."

"Uliyasoma?"

"Yalikuwa mekundu. Niliogopa."

"Yasome sasa."

Chiriku akafuta macho. Mistari ilikuwa mingi, lakini ule wa kwanza ulikuwa mfupi. "Nafasi haitoshi."

"Basi. Kompyuta ilikuwa inakwambia ugonjwa wake, wewe unaiziba mdomo. Gemu lenu limejaza chumba, na huwezi kufungua robota la nguo kwenye chumba kisicho na pa kukanyaga."

Akalifuta gemu. Akaamuru kifurushi tena. Sanduku likaguna kwa muda mrefu, na safari hii majina ya maneno yakaanza kushuka kiooni kama mvua: asante, baba, chai, chakula. Kati yao, hapa na pale, mstari mwekundu.

"Hayo mekundu ni nini?" mama akauliza.

"Yameharibika. Alichomoa waya katikati ya kazi. Si mengi." Fundi akajikuna shingo. "Ila hayo hayarudi."

Baba akasogea. Aliandika: *sema mama*.

"Mama."

Bibi alisimama wima, mkono wenye kitambaa ukiwa hewani. "Uko hapo, baba?"

"Nipo. Mama. Nipo."

"Nilidhani umenichoka."

"Hapana," likajibu sanduku, na lori likapiga honi, na hakuna mtu aliyecheka.

Baba akaijaribu sauti yake neno kwa neno, kama mtu anayekagua mali yake baada ya moto. Alipofika kwenye jina moja aliandika, akabonyeza, akangoja. Kisha akaandika tena, polepole zaidi.

*Neno "Chiriku" halipo.*

Chiriku alisoma mstari ule akiwa nyuma ya bega la baba yake. Alimtazama fundi. Fundi alikuwa ameinama, anakusanya bisibisi zake.

"Nimewawekea nakala mbili za yaliyobaki," akasema. "Moja ikae kwa jirani. Na wewe binti, siku nyingine fundi akikuuliza, mwambie. Nilikuwa nimebakiza kidole kimoja tu niyazike maneno haya yote." Akaaga, akaondoka.

Chiriku alingoja kofi, au ubao ulioandikwa kwa hasira. Baba hakuuchukua ubao. Alimvutia kiti kando yake, akageukia kibodi, akafikiri kwa muda, maana ilimbidi aseme kwa maneno aliyobakiwa nayo. Kisha akaandika.

"Mwanangu," ikasema sauti ya viraka. "Ukivunja. Sema. Ukipoteza. Sema. Ukiona. Aibu. Sema. Leo. Si. Kesho."

Akaandika tena.

"Mimi. Nataka. Kusema. Siwezi. Wewe. Unaweza."

Chiriku akainamisha kichwa. Baba alimwekea mkono mgongoni, akamsukuma kidogo kuelekea kwenye kiti cha bibi, kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine katika chumba kile aliyestahili kuambiwa yeye mwenyewe, si kusikia tu, tena yeye ndiye aliyeungua.

Akaenda. Akakaa chini miguuni pa bibi, akaushika mkono ule wenye kitambaa, akaanza mwanzo.