Pedi Iliyovuta Kuelekea Tangini

Binamu yangu Lupe na mumewe Semisi walikuwa wamepanga nyumba ya mbao pembezoni mwa mji wa Mildura, karibu na mashamba ya zabibu. Semisi aliumia mgongo kazini, akawa anashinda nyumbani akicheza gemu la raga kwenye laptopu. Pedi ya kuchezea gemu aliiokota kabatini. Bila shaka iliachwa na wapangaji waliotangulia.

Jumamosi moja asubuhi, Lupe akiwa jikoni anafunga lu, nyama ya tui la nazi ya kwetu visiwani Tonga, kwenye majani ya magimbi, Semisi alianza kulalamika. Mchezaji wake alikuwa anakwenda kushoto peke yake, hata akiondoa kidole kwenye kijiti cha kuongozea. Lupe akamwambia asisingizie pedi, aseme tu kwamba amefungwa.

Semisi alibadilisha waya. Akafungua pedi, akasafisha chini ya kijiti kwa pamba na spiriti. Akaipima upya kwenye mipangilio ya kompyuta, pale ambapo alama ndogo ya msalaba huonyesha kijiti kimeelemea wapi. Msalaba ulibaki kushoto.

Akageukia dirisha apate mwanga. Msalaba ukapanda juu.

Akageuka tena. Ukaenda kulia.

Akamwita mkewe. Lupe alidhani ni utani, akaishika mwenyewe, akazunguka nayo sebuleni polepole. Kila alipogeuka, msalaba ulielekea upande uleule: uani.

Wakatoka nje na laptopu. Uani palikuwa na tangi la zamani la maji ya mvua, la bati, urefu wa kifua, mabomba yake yamekatwa. Semisi alisukuma mfuniko, akachungulia. Lilikuwa kavu, vumbi tupu.

Akashika pedi juu ya tundu. Msalaba ukarudi katikati, ukatulia.

“Imepona,” akasema, akitabasamu.

Kijiti kikazama chini ya kidole chake. Kikabonyea. Kikabonyea tena. Pedi ikamponyoka, ikaanguka tangini. Semisi akaingiza mkono wa kushoto kuifuata, hadi begani.

Akaacha kupapasa.

“Lupe,” akanong'ona. “Kuna mtu amenishika kidole.”

“Acha utani, baba.”

Uso wake ulikuwa umepauka. Miguu yake ikaanza kuachana na ardhi, taratibu. Lupe akamkumbatia kiunoni, akavuta. Hakulia, hakupiga kelele. Alivuta tu, akimtaja Mungu kwa Kitonga, mpaka wote wawili wakaanguka chali kwenye nyasi.

Waya ulikuwa umechomoka kwenye laptopu, umelala majanini. Kwenye kioo, msalaba ulikuwa bado unatembea. Ulizunguka duara, polepole.

Walihama siku hiyohiyo, wakaja kwangu. Mwenye nyumba alimtuma fundi akakague tangi. Fundi alisema hakukuta mtu, wala mnyama, wala pedi.

Jioni ya siku ile tuliyowapokea, Semisi alitaka kumpigia mama yake aliyeko Nuku'alofa, Tonga. Simu yake aliifungua siku zote kwa kidole gumba cha kushoto. Ikakataa. Akafuta kidole, akajaribu tena. Ikakataa.

Akanipa mkono niangalie. Nilikishika kidole kile chini ya taa. Kilikuwa baridi. Ngozi yake ilikuwa laini kama kioo, haina hata mstari mmoja.