Mgeni wa Tatu wa Pwani Ndogo

Debora wa kijiji cha Munisagara hakuwa mtu wa mahoteli. Likizo kwake ilikuwa siku ambayo mvua imezidi hata jembe haliingii shambani. Lakini binti yake Irine, anayefanya kazi Morogoro, aliwalipia yeye na mumewe Zabron siku chache katika hoteli moja nje kidogo ya Mikumi, kwa kuwa ndoa yao imefikisha umri ambao wengine huwa wameshazikana. Hoteli iliitwa Pwani Ndogo. Pwani yenyewe hakuna. Kuna bwawa lililochimbwa kwa mitambo, likamwagiwa mchanga pembeni, vikapangwa vitanda vya kuotea jua, na watu wazima na akili zao wakakubali kwamba wako baharini.

Mapokezi walivalishwa bangili za plastiki za bluu, zile zenye vitundu, ambazo zikishabanwa hazifunguki mpaka mkasi. Ukiwa nayo unakula, unakunywa na kulala, kila kitu kimeshalipiwa. Usipokuwa nayo hupewi hata maji ya kunawa. Meneja, kijana mtanashati wa Mbeya aitwaye Lusekelo, aliwapa shikamoo yao kwa adabu, kisha akawapa masharti. Hapa ni watu wazima tu. Mtoto haruhusiwi, hata wa mgongoni.

Zabron akamjibu kwamba wao watoto wao wana vitambi. Wakacheka wote, wakaenda kula.

Kulipokucha, kibarazani kwao kulikuwa na mchanga. Ulianzia ufukweni, ukapanda ngazi, ukaishia mlangoni kwao. Zabron alisema ni nyani, Mikumi hii haikosi nyani. Debora aliinama akatazama. Amelea watoto na wajukuu, hakuhitaji kuambiwa. Viganja viwili, magoti mawili. Viganja viwili, magoti mawili. Alama za kwenda mlangoni zilikuwepo. Za kurudi hazikuwepo.

Kwenye kifungua kinywa alijikatia papai, akageuka kuchukua chai. Aliporudisha macho kwenye sahani, kipande kilikuwa kimeng'atwa kwenye ncha. Kidogo tu. Alama za meno mawili ya chini, basi.

Lusekelo akaja mezani, akainama kama mtu anayetaka kukopa. Wageni wa chumba cha jirani wamelalamika. Wamesikia mtoto akilia chumbani kwa wazee, usiku kucha. Aliomba radhi, kisha akaomba kuja kukagua chumba. Akakagua kweli, mpaka uvunguni. Debora alimshikia shuka asiumie mgongo, akamuuliza kama anataka kukagua na ndani ya birika. Kijana akaondoka ameona haya, lakini alisahau kuzima tochi ya simu. Na suruali yake nyeusi, nyuma ya goti, ilikuwa na alama ya kiganja, ya mchanga mbichi. Kidogo kama jani la mchunga.

Mchana Debora alishuka ufukweni peke yake. Jua lilikuwa kali, wageni wamejifunika kofia usoni. Alikaa chini, akachota mchanga, akaumwaga. Ulikuwa na vimeta. Mchanga wa baharini alishauona Dar, hauko hivyo. Huu ulikuwa wa Mto Mkondoa. Tena aliyaona malori yakiuchota mwaka jana pale kwenye kona ya mto chini ya Munisagara, akagombana na madereva mpaka sauti ikakauka. Wakamcheka, wakapakia.

Vidole vyake vikagusa kitu kigumu. Kipande cha chungu, cha shingoni. Chini ya ukingo kilikuwa na mikwaruzo mitatu ya ukucha.

Mama yake Debora alikuwa mfinyanzi. Mikwaruzo mitatu ndiyo ilikuwa alama yake.

Kwao, mtoto akifa kabla ya kuanza kutembea hapelekwi makaburini. Wanawake wazee humtia kwenye chungu kipya, wakamfukia kwenye mchanga wa mto, palipo na ubaridi. Mama haendi. Mama halii. Na jina la mtoto halitajwi tena, kwa sababu ukimwita atakuja, na akija haondoki. Wake alipofukiwa, Debora alikuwa msichana tu aliyeolewa juzi, kifua kimejaa maziwa yasiyo na wa kuyanyonya. Akanyamaza kama alivyoambiwa. Akanyamaza mpaka nywele zikawa nyeupe.

Sasa blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani. Hakuwa ameingia majini.

Zabron alimkuta pale, akaona kigae, akaona blauzi. Akakaa chini kando yake.

"Tuondoke, Mama Irine," alinong'ona. "Usimwite. Unajua walivyosema."

"Waliosema wamekufa wote. Na nilikuwa Mama Agnesi kabla sijawa Mama Irine."

Jina likawa limetoka.

Maji ya bwawa yakatulia. Ndege wakanyamaza. Mchanga mbele ya Debora ukatikisika kidogo, kama shuka juu ya mtu anayejigeuza usingizini. Kisha ukatulia nao.

Lusekelo akashuka mbio na mlinzi mmoja. Safari hii hakuomba radhi. Wageni wamemwona mtoto, alisema, wamemwona kwa macho yao akitambaa kati ya vitanda, na wazee hawa ndio waliomleta. Wafungashe. Debora alisimama, akapangusa mikono.

"Mimi sikumleta, mwanangu. Mmemleta ninyi, kwa lori, bila kumuuliza mama yake. Mpe bangili yake, ale kama wageni wengine."

Kijana alikuwa anatazama chini, mguuni kwake. Hakusogea. Jasho likamtiririka mpaka kwenye tai, na bado hakusogea.

Debora akavua khanga ya juu, akaitandaza. Akachota mchanga pale palipotikisika, mikono yote miwili, pamoja na kigae. Haukuzidi kibaba. Akaufunga, akauinua mgongoni, akakaza khanga kifuani kama anavyobebwa mtoto. Zabron alimwona akiyumba. Kibaba cha mchanga hakimyumbishi mwanamke aliyebeba magunia ya mahindi maisha yake yote.

Alipanda njia ya kokoto polepole. Kila hatua mzigo uliongezeka. Kitu kikamshika nywele za kisogoni, kikazivuta. Hakugeuka. Alimwambia tu atulie, nyumbani si mbali.

Mlinzi wa getini, ambaye hakujua lolote la ufukweni, aliwafungulia. Akamtazama Debora mgongoni, akatabasamu.

"Mfunike miguu, mama," alisema. "Jua litamchoma."

Kule Munisagara hawakumpeleka mtoni. Debora alipita moja kwa moja hadi makaburi ya kanisa, kilimani, wanakolala watu wazima wenye majina yao. Akina mama wazee walimfuata wakimsihi kwa sauti za chini. Mmoja wao, Mzee Katarina, alimwambia kwamba anauvunja mji. Debora akamwambia mji uliobomolewa na malori hauna cha kuvunjwa, na mwenye jembe la akiba alete. Hakuna aliyeleta. Alichimba na Zabron wake, akaufukia ule mchanga, akachomeka msalaba na kuuandika jina kwa mkaa. Kisha akakaa chini akalia kilio chake chote, hadharani, mchana kweupe.

Jioni Zabron alikata bangili yake kwa mkasi. Debora alinyoosha mkono wake naye akatiwe. Mkono ulikuwa mtupu. Kifundo kilikuwa na mstari mwekundu, lakini ngozi haikuchubuka, na hakuna aliyemkatia.

Waliikuta kesho yake chini ya msalaba. Bangili ya bluu, nzima, imebanwa kwenye kitundu cha mwisho kabisa. Vidole viwili vya Debora ndivyo vilivyoenea ndani. Zabron alitaka kuitupa. Mkewe akaishika kwanza, akaipangusa vumbi, akairudisha pale pale ilipokuwa.

Mwezi uliofuata walikwenda kupalilia kaburi. Ilikuwa bado pale, haijakatwa, haijachanika. Lakini ilikuwa imelegezwa. Kitundu kimoja.

Zabron akarudi nyuma hatua mbili. Debora aliingiza vidole ndani ya bangili, akaongeza cha tatu, kikaenea.

"Anakula vizuri," alisema, akachukua jembe lake.