Panya wa Sikio la Kushoto

Pikipiki ya BSA ilizima kwa mara ya tatu.

Askari Mwishehe aliipiga teke. Mbele yake Land Rover ya Vogel, mwenye kampuni ya pampu za hospitali, ilikuwa inapotelea katikati ya mikorosho, ikielekea Kisarawe na vizimba viwili vya panya.

Alikamata redio.

"Kituo, hapa Kumi na Mbili. Zuieni Land Rover ya Vogel."

"Kwa kosa gani?"

"Amebadilisha vibao vya vizimba vya panya."

"Kumi na Mbili, umekunywa?"

"Nina shahidi."

"Anajua kusoma?"

Mwishehe alimtazama Bi Mwanamvua, mtunza panya wa maabara ya Kibaha, aliyekaa kwenye jiwe akijipepea kwa ncha ya khanga.

"Hajui."

"Basi tafuta ushahidi. Mwisho."

Ilikuwa saa saba na nusu mchana. Saa nane, katika hospitali ya Kisarawe, shangazi yake, Bi Biubwa, angetobolewa tumbo ili uvimbe wake uchunguliwe. Kwanza angejazwa hewa kwa pampu ya kampuni ya Vogel. Huko maabara panya arobaini wenye saratani walikuwa wametobolewa vivyo hivyo: ishirini wakajazwa hewa, ishirini matumbo yakainuliwa kwa uzi tu. Wale wa hewa ndio ambao uvimbe wao ulisambaa. Vibao alivyobadilisha Vogel vilisema kinyume, ili daktari aikubali pampu yake.

"Hawaniamini, Bi Mwanamvua. Bila vibao sina kitu."

"Vibao vya nini, mwanangu? Kwetu Kurui mbuzi anajulikana kwa sikio. Kila panya wa hewa nilimkata ncha ya sikio la kushoto."

Mwishehe, aliyekuwa anafuta plagi ya pikipiki, aliacha.

"Mbona hukusema?"

"Wiki nzima unaniuliza vibao. Panya hukuniuliza."

Alitamani kupiga kelele. Akarudisha plagi, akaipiga pikipiki teke. Ikawaka.

Saa nane kasoro dakika tano waliingia hospitali wakiwa wekundu kwa vumbi. Kwenye veranda Vogel alikuwa anamwonyesha Dokta Adamu, yule aliyewatoboa panya huko maabara, vizimba vyake.

"Hawa wa hewa, Dokta. Wazima kabisa."

"Dokta," Mwishehe alisema, "angalia masikio ya kushoto."

Dokta Adamu aliinama. Wale wazima walikuwa na masikio kamili. Akafungua kizimba cha pili, chenye kibao cha UZI. Panya wa kwanza, tumbo limejaa vinundu: sikio limekatwa. Wa pili. Wa tatu.

Alimgeukia Bi Mwanamvua polepole.

"Siku ile kila nilipotoa pampu, ulikuwa unakata masikio."

"Ukanigombeza, Dokta. Ukaniita mshamba."

"Nilikuita."

Mkono wa Vogel uliingia ndani ya koti.

Bastola ya Webley ya Mwishehe ilikuwa tayari ubavuni mwa Vogel.

"Utoe mtupu, bwana."

Ulitoka mtupu. Pingu zikalia.

"Rudisheni pampu kwenye sanduku," Dokta aliwaambia wauguzi. "Tutainua kwa uzi."

Bi Biubwa, juu ya machela, alikuwa amesikia yote.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hivyo wananiinua kwa uzi? Kama pazia?"

"Kama pazia."

"Haya. Wasinikunje tu."

Machela ikaingia ndani, mlango ukafungwa. Mwishehe aliutazama mlango huo mara moja. Kisha akaiweka sawa kofia, akamshika Vogel kiwiko na kushuka naye ngazi bila haraka.