Mitandamboo ya Naisiae na Baridi ya Mwezi wa Saba

Mwezi wa saba Oldonyo Sambu huwa na baridi ya kuuma. Naisiae alibandika chai ya maziwa, akamwamkia mama mkwe wake, kisha akajifunga shuka na kutoka nje. Kila asubuhi kabla ya kukamua alipitia kwanza kwenye miche yake.

Ilikuwa miche ya mtandamboo, kichaka cha asili chenye miiba na matunda madogo matamu. Kwa lugha ya nyumbani waliuita olamuriaki. Zamani vichaka hivyo vilizunguka mashamba mengi upande huu wa Mlima Meru. Baadaye watu walivikata ili wapate nafasi ya kulima. Sasa upepo ulishuka mlimani bila kizuizi. Ulibeba udongo na kulaza maharage, na mbuzi wa majirani waliingia shambani walipotaka.

Mbegu Naisiae alizichuma kwao, kwenye kichaka alichokitunza marehemu mama yake. Muda mfupi baada ya mazishi, barabara ilipanuliwa na kichaka kile kikang'olewa. Kwa hiyo miche hii ilikuwa ndiyo yote iliyobaki. Aliiotesha mwenyewe, akaipanda mwisho wa masika kwenye mpaka wa shamba.

Baridi ilipozidi, aliona huruma. Akaufunika kila mche kwa mfuko wa nailoni, akaufunga chini kwa kamba. Asubuhi hiyo aliifungua. Majani yalikuwa meusi na laini kama mboga iliyochemshwa. Mifuko mingine ilikuwa imepigwapigwa na upepo hadi ikavunja vitawi.

Alichuchumaa pale. Mumewe, Lemomo, alikuja akasimama nyuma yake.

"Imekufa," alisema kwa upole. "Umejitahidi, Mama Nice. Tuing'oe tu, tuweke seng'enge."

"Subiri kwanza, Baba Nice. Nimpigie Kandida."

Kandida alikuwa mama wa Kichaga mwenye bustani ya miche kule Sakina, kando ya barabara ya Nairobi. Naisiae alimpelekea maziwa mara kwa mara, na urafiki wao ulianzia hapo. Aliposikia habari ile, Kandida alisema, "Usiing'oe, mdogo wangu. Kesho napeleka miche Longido. Nitapitia kwako."

Alifika jua likiwa limeshapanda. Alimwamkia mama mkwe, ambaye wote pale nyumbani walimwita Yeyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Mwangalie huyu mwenzako, tangu jana hajala vizuri."

Kandida alipiga goti kwenye mche wa kwanza. Alikwaruza gome kidogo kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa na rangi ya kijani.

"Unaona? Huu uko hai," alisema. "Ukiona kijani, usikate tamaa. Ukikuta kahawia na pakavu mpaka chini, basi huo umekwenda."

Walipitia mche mmoja mmoja. Michache ilikuwa imekauka. Mingi ilikuwa kijani. Naisiae alifuta macho kwa pembe ya shuka.

"Sasa nilikosea wapi, dada? Mimi nilitaka kuikinga."

"Kukinga ni vizuri, tatizo ni nailoni. Mchana jua likiwaka, ndani kunakuwa kama sufuria lenye mfuniko. Usiku jani linagusa nailoni yenye maji na baridi. Halipumui. Na maji unamwagilia saa ngapi?"

"Jioni, ili usiku isipate kiu."

"Mwagilia asubuhi, jua likishatoka. Udongo wenye unyevu hushika joto la mchana, na hilo joto huusaidia mche usiku. Lakini usilowanishe majani, na usijaze maji mpaka yatuame. Mizizi itaoza."

Lemomo alikuwa akisikiliza huku mikono ameifunga kifuani. "Na upepo je? Tujenge ukuta wa mabati?"

"Hapana, shemeji. Upepo ukigonga ukuta unaruka juu, halafu unaangukia upande wa pili kwa nguvu. Mna mabua ya mahindi?"

"Yapo."

"Yasimamishe upande ule upepo unakotoka. Yaachie nafasi katikati. Upepo ukipita hapo utafika kwenye mche umeshachoka."

Kisha akaomba nyasi kavu za kutandaza chini. Naisiae alisita, maana kiangazi nyasi zilikuwa adimu. Yeyo ndiye aliyeinuka. Alikwenda bandani, akarudi na mzigo wa nyasi alizomwekea ndama wake za kulalia.

"Chukueni," alisema. "Ndama nitamtafutia maganda ya mahindi."

Kandida alizipokea kwa mikono miwili. Alionyesha jinsi ya kuzitandaza kuzunguka mche, bila kugusa shina. Nyasi zikigusa shina, alisema, shina huoza na mchwa hupata njia.

"Tuweke na samadi, ipate nguvu?" Lemomo aliuliza.

"Siyo sasa. Itachipua majani laini, na baridi itayamaliza. Subirini mvua za vuli. Hata hizo ncha zilizoungua msizikate, zinakinga zilizo chini yake. Mtakata joto likirudi."

Kandida alipoondoka, Lemomo hakutaja tena seng'enge. Alileta mabua na sururu, akachimbia mabua hayo mstari mzima. Naisiae alitandaza nyasi. Msimu wote wa baridi alimwagilia asubuhi, na mabua yaliyoangushwa na upepo waliyasimamisha upya.

Mvua za vuli ziliponyesha, Lemomo ndiye aliyeona kwanza. Alimwita mkewe kutoka jikoni. Kwenye matawi yaliyodhaniwa yamekufa palikuwa na machipukizi mekundu-mekundu yanayong'aa. Naisiae alimpigia Kandida papo hapo.

"Dada, imechipua," alisema. "Ahsante. Mungu akubariki. Hiki ni kichaka cha mama yangu."

"Basi mshukuru na Yeyo," Kandida alimjibu. "Nyasi zile zilikuwa za ndama wake."

Mwaka wa tatu vichaka vilikuwa vimeshikana na kufika kiunoni. Mbuzi walifika kwenye miiba wakageuka. Maharage yalisimama wima, na udongo ulibaki shambani.

Mwezi wa saba wa mwaka huo Naisiae alimkuta Yeyo ameketi nje, nyuma ya ule uzio, akipukuchua mahindi. Ukungu ulikuwa mlimani na upepo ulivuma barabarani, lakini pale alipokaa hata shuka yake haikupeperuka.

"Yeyo, husikii baridi?"

"Hapa haifiki," Yeyo alisema, akamsogezea kigoda. "Kaa na wewe, mwanangu. Kazi hii umeifanya wewe."