Ngumi Aliyoiona Lovina

Kila Jumamosi ya majira ya kupukutika majani, Lovina Trexler alikuwa na kazi asiyomwachia mtu mwingine: kung'arisha viatu vya baba yake na kuhakikisha filimbi imo mfukoni mwa koti. Siku nyingine Bwana Wilmer Trexler alikuwa karani wa kiwanda cha mbao pale Mertzdale, Pennsylvania. Jumamosi alikuwa mwamuzi. Ujanani alichezea chuo cha mji wao mpira wa Kimarekani, enzi ambazo mchezo huo ulikuwa mgeni na vijana walifuga nywele ndefu ili zikinge vichwa vyao. Mchezaji alikimbia ameukumbatia mpira kifuani, na wapinzani wakamwangusha na kumlalia rundo zima. Pua ya Bwana Trexler ilipinda huko, na kidole chake kimoja hakikukunjika tena.

Mwaka huo Lovina alikuwa na miaka kumi na miwili, na chuo cha Mertzdale kilimtegemea mjomba wake Harlan Kistler, mdogo wake mama. Walipokuja wageni kutoka ng'ambo ya mto, walijua kuwa mwamuzi ni shemeji wa Harlan. Hata hivyo walimkubali, kwa kuwa walikuwa wamesikia kwamba Trexler hapindishi sheria.

Mertzdale walikuwa mbele kwa pointi moja, zimebaki dakika chache. Lovina alisimama kwenye kamba iliyozunguka uwanja, hatua chache tu kutoka mahali rundo lilipoangukia. Wachezaji walipoanza kuinuka, mpinzani mmoja, Ezra Haupt, alikuwa bado chini. Harlan akamtandika ngumi ya mdomo. Haikuwa bahati mbaya. Lovina aliona mkono ukirudi nyuma kwanza. Ezra akatema meno mawili. Filimbi ikalia, na baba yake akamtoa Harlan uwanjani. Bila Harlan ukuta wa Mertzdale ukabomoka, wakafungwa.

Jumatatu shuleni hapakukalika. Clayton Boyer alimsubiri mlangoni na wenzake.

"Baba yako anaona vizuri sana," alisema. "Anaona mpaka ngumi ambazo hazipo. Wamempa nini hao wa ng'ambo?"

Lovina alimsukuma, Clayton akakaa kwenye tope. Mwalimu akamsimamisha Lovina pembeni mpaka adhuhuri. Akiwa ameuelekea ukuta, hakumchukia Clayton kama alivyomchukia baba yake. Angeshindwa nini kugeuza shingo mara moja tu, kwa ajili ya ndugu?

Jumatano wakati wa chakula cha jioni Babu Kistler aliingia bila kubisha hodi, Harlan nyuma yake. Walimu wa chuo walikuwa wamemsimamisha Harlan asicheze, na mechi kubwa ya mwisho ilikuwa inakaribia. Babu aliweka karatasi karibu na sahani ya baba. Iliandikwa kwamba mwamuzi alikosea, kwamba Ezra Haupt aliumizwa na kiatu cha mwenzake ndani ya rundo. Ilikosa sahihi tu.

"Siwezi, Mzee," baba alisema.

Babu alifoka kwamba alimpa binti yake, akamkaribisha mezani kwake kila Jumapili, na leo anavunjiwa jina mbele ya mji mzima. Mama aliinama, midomo ameibana. Kisha Babu akamgeukia Lovina.

"Wewe ulikuwa kwenye kamba. Mjomba wako alimpiga mtu?"

Harlan alimtazama akitabasamu, kama anavyomtazama akimletea peremende. Lovina akaitazama sahani yake.

"Sikuona," alisema.

Baba alimtazama. Aliisukuma ile karatasi taratibu ikarudi kwa Babu. Babu akaondoka akisema Jumapili wasikanyage kwake.

Mlango ulipofungwa, Lovina alilipuka. "Unajua niliona! Mbona hukusema mbele yao kuwa nadanganya?"

"Kwa sababu ningekulazimisha," baba alijibu. "Lingekuwa neno langu, si lako."

Alisukuma kiti chake nyuma kwa kishindo, na Lovina akatambua kwamba naye amekasirika vibaya. Baba akamweleza jambo ambalo hata mama hakuwahi kulisikia lote. Alipokuwa mwaka wa tatu chuoni, rafiki yake alimkanyaga mpinzani shingoni makusudi. Mkuu wa chuo alimwita Wilmer, akamuuliza.

"Nikasema sikuona. Neno hilohilo. Yule kijana hakutembea tena, na rafiki yangu akaendelea kucheza. Msimu uliofuata akavunja mguu wa mtu mwingine. Ndiyo maana nilishika filimbi. Nilipomwona yule wa pili, nilijua kwamba nami nimo katika kosa lile."

Kesho yake baada ya shule Lovina hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya Babu, mahali pa kushonea lijamu na matandiko ya farasi. Harlan alikuwa amekalia meza, anatafuna tufaha.

"Babu, jana nilikudanganya," Lovina alisema. "Niliona. Ezra alikuwa chini, na mjomba akavuta mkono akampiga."

Harlan alicheka. Akasema mtoto ametiwa maneno na baba yake.

"Hakuna aliyenitia maneno," Lovina alisema. Alikuwa analia kwa hasira, wala hakujali. "Mimi nimepigana shuleni kwa ajili yako, mjomba. Nimemchukia baba yangu kwa ajili yako. Na wewe ulijua."

Babu akaweka sindano chini. Akamwambia Harlan amtazame usoni. Harlan akalitazama tufaha.

"Umenifanya nimfokee mwanamume mezani kwake, mbele ya mkewe na mtoto wake," Babu alisema. Hakupaza sauti, na hilo lilitisha zaidi. Akamwamuru avae koti. Wangekwenda kwanza kwa walimu, kisha ng'ambo ya mto kwa akina Haupt.

Mechi ya mwisho Mertzdale walicheza bila Harlan, wakafungwa tena. Wiki nzima watu walipita kiwandani bila kumsalimu baba. Harlan hakumsemesha Lovina mpaka theluji ilipoanguka.

Lakini Jumapili ile aliyowakataza kwenda kwake, Babu alikuja yeye mwenyewe, kofia mkononi, akasimama kizingitini mpaka baba akamwambia aingie. Alimwomba radhi baba mbele ya wote. Kisha akamvuta Lovina karibu.

"Nilikasirikia ukweli kwa kuwa ulimgusa mwanangu," alisema. "Nikakufundisha na wewe kudanganya. Usimfichie kosa mtu unayempenda, mjukuu wangu. Ukimfichia, unamruhusu alirudie, na atakayeumia ni mwingine ambaye hata humjui."

Mama alikuwa ameshaongeza sahani. Babu akakaa, akamwomba mkwewe awaongoze katika sala ya chakula.